Mlango wa Chumba cha Baridi

Mashine ya chumba cha baridi cha hospitali ilikuwa na mdomo kushinda mawifi saba. Kila kitu ilikiandika: joto, kengele, mlango kufunguliwa, mlango kufungwa, na bila shaka hata aliyepiga chafya. Tena iliandika boksi ndani ya boksi: ndani ya siku kuna zamu, ndani ya zamu kuna matukio. Ungeyachapa mafaili yake, ungeezeka mtaa mzima.

Chanjo zilikuwa zimeharibika. Mwenye zamu siku hiyo alikuwa dada yake Nyaya, na Nyaya ndiye fundi wa kompyuta wa hapo hapo. Kama aliacha mlango wazi, kazi hana. Kama hakuuacha, lawama ni ya fundi wa majokofu.

Nyaya akaandika skripti, vimistari vya kuiamuru kompyuta: ingia kila siku, fungua kila zamu, nitolee habari za mlango. Jibu likaja: umefungwa, umefungwa, umefungwa.

Akamkimbilia dada yake stoo.

“Dada, umepona! Mashine imekutetea.”

Dada akakaa juu ya katoni. “Imesema hivyo?”

“Hivyo hivyo. Cheka basi, uso umeukunja kama kitambaa cha mafua!”

Dada akacheka, ila kicheko chenyewe kilikuja kikichechemea.

Nyaya aliporudi kupanga ripoti, akaona kila zamu imetoa tukio moja tu. Skripti aliiambia ichukue tukio la kwanza la kila zamu, na kila zamu huanza kwa kukagua mlango kama umefungwa. Yaliyofuata yote yalirukwa. Akairekebisha ichukue yote. Zamu ya dada: umefungwa. Umefunguliwa. Kisha kengele, kengele, kengele. Ile kengele mbovu, isiyolia popote ila kwenye mafaili. Mwisho kabisa, umefungwa.

Akarudi stoo miguu mizito.

“Dada, nilisoma vibaya.”

“Najua. Shule walinipigia mtoto kaanguka, nikatoka mbio. Niliporudi nikaufunga, nikanyamaza.”

“Nikituma lile jibu la kwanza?”

“Halafu yule fundi wa majokofu aende wapi na wanawe? Tuma, mdogo wangu. Tuma kabla sijabadili mawazo.”

Akatuma pale pale kwa simu. Mganga mkuu akampigia simu kumsifu kwa kazi safi. Nyaya akasema asante, kwa sauti ya mtu anayeumwa, huku dada yake akikunja sare pole pole juu ya katoni, mikono kwanza, kisha kola.