Koti Kitini, Mtu Hayupo

Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto kliniki hapa Kitengela, ambapo kompyuta mbili zimechukua mahali pa madaftari. Mbele yangu alikuwa nyanya Mmaasai, koko kwa lugha yao, amembeba mjukuu mwenye homa kali. Walingoja barua ya kupelekwa hospitali kubwa ya Kajiado, na gari la wagonjwa lilikuwa nje likinguruma.

Karani alibonyeza, akakunja uso. "Koko, faili ya mtoto imekataa. Iko wazi kwa ile kompyuta ingine. Mpaka mwenyewe aifunge, siwezi kuandika kitu."

"Mwenyewe ako wapi?"

"Ako tu. Si unaona koti yake?"

Kweli, koti lilikuwa limevishwa kiti, lakini mtu hakuwepo.

"Si uizime hiyo kompyuta?" nyanya akauliza.

"Nikizima, dawa alizoandika zitapotea."

Nyanya alimkaza mjukuu mgongoni, akalichukua lile koti, akavuka nalo barabara hadi hotelini wanakokula wafanyakazi wa kliniki. Punde akarudi, na afisa wa tiba mwenye koti nyuma yake mbio, chapati mkononi.

"Koko, nipe koti yangu!"

"Funga kwanza ya mtoto."

Afisa akabonyeza mara mbili. Barua ikatoka, gari likaondoka.

Kompyuta haikukosea. Inazuia watu wawili wasiharibiane maandishi, ila haijui kama kiti kina mtu. Sisi wa foleni tulijua. Nilikuwa nimekitazama kiti kile saa nzima, nikaona haya kuuliza.