Miezi Miwili Bila Mpira

Tah. Kimya kidogo, kisha tah nyingine. Sauti ilitoka nyuma ya vichaka vya miiba, kabla sijaona mtu, na nikajua anayepiga si baba. Mipira yetu ya gofu ilikuwa imezeeka na kuchubuka. Ukiipiga, inatoa mlio mzito kama kofi kwenye gunia la mtama. Hii ilikuwa sauti safi, ya ukuni mkavu unaovunjika mara moja.

Nilipozunguka vichaka nikamkuta injinia wa barabara. Ilikuwa miaka ya ruksa, na hata kwetu Kilimatinde vitu vilianza kupanda mlima: mitumba, redio, wakandarasi. Yeye alipanda na fimbo zake za gofu ndani ya gari.

Kiwanja chetu hakikuwa na majani. Daktari mmoja mzungu alikitengeneza zamani, akaondoka na kuacha mfuko mmoja wa fimbo. Kuzunguka kila shimo palikuwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiuchukue. Daktari yule alikuwa wa mkono wa kushoto, kwa hiyo fimbo zote zilikuwa za kushoto. Baba, mgawa dawa, alizipokea kama zilizotengenezwa kwa ajili yake, maana naye alizaliwa wa kushoto, mkono ambao walimu wake waliuchapa mpaka ukajificha. Kwenye gofu aliurudisha. Kisha akanifundisha mimi, mwanawe wa pekee, na kila Jumamosi tulisimama upande mmoja, tukitazama bonde moja.

"Shikamoo," nikamwambia injinia.

"Marahaba. Piga nikuone."

Nikapiga. Akautazama mpira mpaka ukatua.

"Binti, unakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kuandika?"

"Wa kulia."

"Sasa huku kushoto ulifuata nini?"

"Fimbo ndivyo zilivyo, Injinia."

Alicheka mpaka akaegemea gari. Lakini jioni alikuja nyumbani kwa heshima, akamwambia baba kwamba Arusha kuna mashindano ya kucheza wawili wawili, na kwamba angetupeleka, baba na mimi, baada ya miezi miwili. Sharti lilikuwa langu peke yangu: niache kucheza, nianze upya kwa mkono wa kulia. Nguvu yangu, alisema, nilikuwa naitupa.

Tangu siku ile baba alisema "sisi" hata pale palipotosha kusema "mimi". Sisi tutahitaji viatu. Sisi hatujawahi kuona kiwanja chenye majani. Nikaapa moyoni kwamba sitamwangusha.

Injinia aliniachia fimbo moja ya kulia. Wiki ya kwanza nilijifunza kushika tu: kidole hiki juu ya kile, usikaze. Wiki ya pili, kusimama. Kisha kuzungusha fimbo hewani, mamia ya mara, bila mpira, pembeni mwa njia ya kisimani. Jirani yetu mmoja alipita na ndoo kichwani, akasimama.

"Unachunga, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Nauliza tu, maana fimbo naiona. Ng'ombe ndio siwaoni."

Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa chini. Kwa kufikiria vidole na miguu nilikuwa nimesahau kuvuta pumzi. Mwili wangu ulikuwa kama nyumba iliyobomolewa ukuta mmoja mmoja, na mimi bado nimo ndani. Jumamosi baba alicheza peke yake. Siku moja alikuja kusimama karibu yangu, kila mtu na fimbo yake, yeye ya kushoto, mimi ya kulia, na kwa mara ya kwanza tukajikuta tumetazamana. Akashusha macho, akahamia mbele kidogo.

Siku mbili kabla ya safari, injinia akaweka mipira kumi chini, baba akitazama. Wa kwanza niliugusa kichwa, ukabingirika kama kokwa. Wa pili sikuugusa. Nilijua kila kitu. Ningeweza kumfundisha mtu mwingine neno kwa neno. Mikono haikusikia. Kwenye mpira wa sita nikaitupa fimbo, nikaomba ya baba, nirudi kushoto. Nikasimama kama nilivyosimama miaka yote. Vidole havikujua vikae wapi. Mpira ukaruka pembeni, ukaingia miibani, na hakuna aliyeufuata.

"Kosa ni langu," injinia akasema. "Miezi miwili ni michache." Akamgeukia baba. "Mzee, nitacheza na wewe mimi mwenyewe."

Baba alisema hataenda. Alisema hivyo siku ile, na kesho yake, lakini nilimwona akipiga pasi suruali.

Asubuhi ya safari aliingia chumbani kwangu, amevaa, mfuko begani. Injinia alikuwa anasubiri barabarani.

"Nikibaki?" akauliza.

"Nenda, baba."

"Mwakani tutakuwa sisi."

Akaushika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akatazama malengelenge yaliyokauka, kwa umakini ule aliotazamia majeraha ya watu kazini. Hakuwa na dawa ya hili. Akauweka juu ya blanketi polepole na kutoka. Mlango wetu ulikwama chini siku zote. Ilibidi auinue kidogo ndipo ufungike. Akauinua. Ukafungika.