Alama kwenye Jiwe la Lubunga

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Nilikuwa darasa la mwisho, tukiishi Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Papa, babu yako, alikuwa mpiga kasia, na alivusha watu kwa sheria yake mwenyewe. Ukingoni palikuwa na jiwe lenye alama. Maji yakiwa chini ya alama, kila yalipopanda kiganja kimoja alisogeza mtumbwi hatua kumi zaidi juu ya mkondo kabla ya kuondoka, ili mto usije ukamsukuma kwenye matishari ya chuma yaliyofungwa ng'ambo. Maji yakifika kwenye alama, havuki mtu.

Asubuhi ya mtihani, uliofanyikia mjini ng'ambo, Papa alikuwa na homa. Maji yalikuwa yamegusa alama, hayajaipita hata kidogo. Mimi bingwa wa hesabu nikajiambia, si ni hatua kumi zaidi tu? Nikampakia mdogo wangu Furaha, tukaondoka.

Katikati ya mto niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Kasia langu halikufua dafu. Tishari lilitujia usoni, maji yakinguruma kuingia chini ya tumbo lake. Furaha aliniita mara moja tu. Sauti ile ninaisikia bado. Wavuvi waliokuwa juu ya tishari walitudaka mikono. Mtumbwi ukaingia chini ya chuma, hatukuuona tena.

Tulipofikishwa nyumbani, Papa aliinuka kitandani.

"Weye, uliona alama?"

"Niliona, papa. Maji ilikuwa inagusa tu."

"Kugusa iko kupita! Sheria ya chini inaisha kabla ya alama. Alama yenyewe iko ya maji mingi!"

Mwaka uliofuata, nikirudia darasa, mwalimu alichora ubaoni kanuni ya vipande, fonction par morceaux: mstari ukipanda hadi kitone kitupu, mwingine ukianzia kwenye kitone kilichojazwa. Wenzangu waliona vitone. Mimi niliona lile jiwe, nikatoka nje kulia.

Basi kesho kwenye mtihani wako, mwanangu, ukipewa kanuni ya vipande, usikimbilie kukokotoa. Uliza kwanza x iko wapi, ndipo uchague kipande. Ikiwa mpakani kabisa, tazama "sawa na" imeandikwa upande gani. Kama ni kuogopa, ogopa hapo. Shangazi yako Furaha hajavuka mto tena hadi leo.

Mungu akufikishe ng'ambo, wewe na kila utakayempakia.