Asubuhi Nilizopita Bila Kusalimia

Kila mwaka mama yangu hutembea kwa miguu na wanahija wa parokia, kutoka kwetu Kitahana, upande wa Kibondo, hadi Kasulu. Wanalala njiani, wanaimba, wanafika miguu imevimba na nyuso zinacheka. Mwaka jana aliporudi alikaa kuchua magoti, akasema bila kunitazama, "Mara moja tu nyingine, basi." Nikaamua kwamba hiyo mara moja nitakuwa pembeni yake mpaka mwisho.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa kukaa. Nachapa na kutoa fotokopi mjini, na jioni narudi kwa bodaboda. Nyuma ya wanahija hufuata pikapu inayobeba mizigo na walioshindwa. Nilijiona tayari niko juu ya magunia ya mchele, mama ananipungia mkono kutoka barabarani. Huwa naogopa kitu kabla hakijatokea, na nikishaogopa najifunza kupita kiasi.

Nilijifunza kwenye simu. Video zilikubaliana: beba mzigo, shika mwendo mmoja, usisimamesimame. Nikajaza mahindi kwenye begi langu la zamani la shule, nikawa natoka alfajiri kuelekea barabara kuu. Mzigo niliuweza. Kusimama ndiko kulikonitesa, maana kwetu mtu hapitwi hivihivi. Ukisema "Mwakeye," salamu yetu ya asubuhi, unaulizwa umeamkaje, mama ameamkaje, walio mbali wanasemaje, maharage yameotaje, na wewe unauliza hayo hayo. Nikifika nyumba ya tatu, jasho limeshakauka. Niliona mazoezi yangu yote yanaharibika. Nikaziba masikio kwa muziki wa simu, nikakaza macho mbele, nikawa nainua mkono tu na kupita. Nilijisikia vibaya, lakini mwendo ulikaa sawa, na mimi kitu kikishakaa sawa siwezi kukiacha.

Asubuhi moja nilirudi nikakuta wanawake wamejaa uani kwetu, wamekaa kwenye mikeka. Kuni zilikuwa zimetuliwa, ndoo za maji zimepangwa, mmoja ameleta maharage kwenye ungo. Nikauliza kabla sijatua begi.

"Nani amefariki?"

"Si wewe ndiye utuambie!" alisema jirani yetu wa bondeni, akifuta macho kwa kitenge.

Ndipo nikaelewa. Kwetu, anayepita kasi na mzigo mgongoni bila kusalimia amebeba habari ya msiba, na hataki kuulizwa njiani. Shangazi yangu wa Buhigwe alikuwa anaumwa. Watu walikuwa wameniona siku kadhaa, wakajumlisha, wakasubiri kuitwa, na walipochoka kusubiri wakaja wenyewe.

Mama alitoka ndani, simu mkononi, sauti juu ili wote wasikie.

"Wifi, uko hai?"

"Niko hai, nakula muhogo. Nani kaniua?"

"Mwanao. Kwa mazoezi."

Uani palilipuka kwa kicheko. "Mtoto kasoma huyu," jirani wa bondeni alisema, akifungua begi langu, "anayapeleka mahindi matembezi, halafu anayarudisha! Haya, mimi maharage yangu sirudi nayo. Bandikeni." Tukayala yale maharage, wakinitania kila kijiko. Nilicheka nao, ila aibu haikuniacha hadi usiku.

"Kesho utasalimia," mama aliniambia. "Wote. Na begi usilitue."

Nikasalimia. Nilijifunza kuuliza habari za mbuzi nikiwa nimesimama kwenye mwinuko, mikanda ya begi inanikata mabega. Nilichelewa kila siku, na kila siku iliniuma.

Hija ilipofika, miguu yangu ilinishangaza. Ilibeba. Asubuhi ya siku ya mwisho, kwenye mlima wa kuingilia Kasulu, ni mama aliyenyamaza. Aliacha kuimba. Akawa anaweka mguu wa kulia kama mtu anayekanyaga yai. Pikapu ikapunguza mwendo kando yetu.

"Mama, panda," dereva akasema.

"Nani amekwambia nimechoka?"

Nilijua hatapanda, na nilijua hataomba kupumzika. Kando ya barabara mwanamke alikuwa anaanika muhogo. Nikasimama.

"Mwakeye, mama!"

Nikamuuliza kila kitu: ameamkaje, watoto, mvua, muhogo, mbuzi. Mama alisimama nyuma yangu, ameegemea fimbo yake, anavuta pumzi. Tukaenda kidogo, nikamsalimia fundi baiskeli, na mke wake, na mkwe wake. Tukaenda tena, nikamsalimia muuza ndizi. Wanahija wenzetu walitupita. Pikapu nayo ikachoka kutusubiri, ikatangulia.

"Yule wa ndizi," mama alisema, "umemuuliza habari za mbuzi mara mbili."

"Nilisahau alichojibu."

"Hm." Alifunga upya kilemba chake, akatazama juu ya mlima. "Pale mbele naona mtu anapepeta. Huyo naye msalimie vizuri."