Mwethya wa Kampuni

Kwetu Ukambani mtu haitwi kwenye mwethya mara mbili. Ukisikia kwamba jirani anachimba matuta au kijiji kinajenga kinga ya maji mtoni, unachukua jembe lako na chakula chako, unakwenda. Hulipwi, na hakuna anayekuuliza umechoka namna gani. Kesho zamu itakuwa yako, na wale wale watakuja kwako. Nimesoma vitabu vingi kuhusu vyama vya wafanyakazi, vyote kwa juhudi zangu mwenyewe kwa sababu shule niliacha darasa la nane, na sijaona mkataba unaoheshimiwa kuliko huo usioandikwa.

Mimi ni fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo, Athi River. Kazi yangu ni kupita kati ya laini, zile safu za washonaji, na kurekebisha mashine zinapokwama, kwa hiyo nasikia mazungumzo ya kila mtu. Mwaka juzi afisa wa wafanyakazi, kijana wetu wa huku huku aliyetoka chuo kikuu, alisimama juu ya meza wakati wa chakula akatangaza kwamba kampuni itajenga kinga ya mchanga, ukuta wa mawe wa kuzuia mchanga na maji, kwenye mto mkavu karibu na shule moja ya msingi. Wanunuzi wa ng'ambo, alisema, wanataka kuona kiwanda kinaijali jamii.

"Sitaki kuita hii kazi," akasema. "Huu ni mwethya. Jumamosi, sote."

Watu walipiga makofi. Nami sikushangaa. Angesema ni kazi ya ziada bila malipo, wangenung'unika, na wangekuwa na haki. Lakini alisema mwethya, na hakuna Mkamba aliyelelewa vizuri anayetaka kuonekana amekaa nyumbani wakati wa mwethya. Neno hilo hakulitoa chuoni. Alilitoa kwa nyanya yake.

Mwanamke aliyekaa kwenye ovaloki, mashine ya kushonea kingo za nguo, laini ya tatu, ndiye pekee aliyeinamisha kichwa. Yeye ni Msabato. Kwake Jumamosi ni siku ya ibada, na alipoajiriwa alikubaliwa kutofanya kazi siku hiyo. Alikuwa akilea watoto wawili peke yake, na mkataba wake, kama mikataba yetu yote, ulikuwa wa miezi michache unaofanywa upya. Mwezi huo ulikuwa unaisha.

"Msabato," jirani yake alimtania, "Jumamosi utatuombea tukibeba mawe?"

"Nitawaombea migongo."

"Omba na mkataba wako, dada. Huyu kijana anahesabu vichwa."

Mama mmoja mtu mzima, anayekata nyuzi mwishoni mwa laini, ndiye aliyemtoa kwenye shida. "Kwani hujui mwethya wewe? Asiyeweza kuja anatuma mtu wa nyumba yake. Mama yako si yuko? Mkatoliki hana shida na Jumamosi. Mwambie aje na jembe, yamekwisha."

Kila mtu alikubali kwamba yamekwisha. Hivyo ndivyo ilivyo tangu zamani: mkono wa nyumba ukifika, nyumba imefika.

Mama yake alikuja Ijumaa kutoka upande wa Matuu, na Jumamosi alikuwa mtoni kabla yetu. Alileta jembe lake na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe aliyoyachemsha mwenyewe, inayotosha watu kumi. Kampuni ilikuwa imeleta mkate na soda, lakini wanawake karibu wote walikuja na vyakula vyao, kwa sababu hakuna anayekwenda kwenye mwethya kula cha mwenyeji. Namna hiyo tuliipunguzia kampuni hata gharama ya mkate.

Msichana wa ofisini alikaa chini ya mwavuli akipitisha kadi zetu za kazi kwenye mashine ndogo. Mama yule alipofika mbele yake, alisema, "Nimekuja kwa niaba ya mtoto wangu. Anashona kwenu. Niandike."

Msichana alimtazama afisa. Afisa akatabasamu, akamshika mama mkono kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. "Susu," alimwita, kama anavyomwita nyanya yake, "karibu sana. Karibu kabisa."

Mashine haikulia. Mama hakujua kwamba ilipaswa kulia, akaenda kwenye mawe.

Nilifanya kazi karibu naye. Sijaona mtu wa umri wake akipanga mawe vile, akiligeuza kila moja mpaka likae bila kuyumba. Saa za jua kali alianzisha wimbo, na wale wanawake wa laini, wanaokatazwa kuongea wakiwa kwenye mashine, walimwitikia kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwao. Mpiga picha wa kampuni aliacha kila kitu akamfuata yeye. "Mama, inua tena hilo jiwe," alisema. Mama akaliinua tena. "Mara nyingine kidogo, mama, cheka."

"Jiwe linachekewa?" mama aliuliza, na watu wakaangua kicheko, naye akacheka, na hiyo ndiyo picha aliyoipata.

Mwezi ulipoisha, wengi tulifanyiwa mikataba upya. Mwanamke wa ovaloki aliambiwa arudishe kadi yake getini. Jirani yake, aliyemtania, alilia kuliko yeye.

Nilikwenda ofisini. Sikuomba ruhusa, nilisema nakwenda kuangalia soketi. Afisa aliniona, akasukuma kiti kwa mguu.

"Mwalimu," alisema, ndivyo wanavyoniita kwa kejeli. "Leo umekuja na Katiba?"

"Kifungu cha thelathini na mbili. Uhuru wa dhamiri na dini."

"Hakuna anayenyimwa kazi kwa sababu ya imani yake. Naijua. Nilifanyia mtihani." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Nani amemnyima? Alisali Jumamosi. Tulimfuata kanisani?"

"Umemfukuza kwa sababu hakuja mtoni."

"Sijafukuza mtu. Mkataba umeisha. Umeona barua ya kumfukuza?"

Sikuwa nimeiona, kwa sababu haikuwapo.

"Mama yake alikuja," nikasema. "Wewe ni Mkamba. Ulimshika mkono."

"Mfumo hauna mahali pa mama, mwalimu. Mtoni mimi ni Mkamba. Hapa mimi ni afisa. Kunywa chai."

Nilitoka bila kunywa. Alikuwa ameshinda, na alishinda kihalali. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimeamini kwa miaka mingi kwamba mnyonge hupoteza haki zake kwa kutozijua. Sivyo. Sisi wawili tulikuwa tunakijua kifungu kile kile. Tofauti ni kwamba haki za afisa ni za kudumu na zangu zinafanywa upya kila baada ya miezi kadhaa.

Sitasema uongo: kinga ile ni nzuri. Mvua ilipokuja mchanga ulijaa nyuma yake, na watoto wa shule wanachota maji bila kutembea mbali. Lakini kitabu kipya cha kampuni, kinachopelekwa kwa wanunuzi, kinasema wafanyakazi walijitolea siku yao kwa furaha, na mbele kabisa kuna mama yule na jiwe lake, akicheka. Anaitwa mfanyakazi wetu. Nadhani mtu anaweza kujitolea tu ikiwa anaweza pia kukataa, na mshahara unaotosha mwezi ndio unaompa mtu uwezo wa kukataa. Wetu hautoshi. Kwa hiyo tulichotoa Jumamosi ile hakikuwa zawadi, na kampuni iliyokipeleka ng'ambo kama wema wake ilipeleka kitu kisicho chake.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta mwanamke yule getini asubuhi, katika foleni ya vibarua wa kutwa. Kulikuwa na oda kubwa. Alichaguliwa, akapelekwa laini ya tatu, kwenye ovaloki ile ile, kwa malipo ya siku, bila likizo, bila bima, bila hata kadi. Sindano ilipokatika nilikwenda kumbadilishia.

"Wanakusumbua kuhusu Jumamosi?" nilimuuliza.

"Kibarua haitwi Jumamosi," alisema. "Sabato sasa niko nayo kamili. Hata Jumatatu wakitaka, naweza kuwa na Sabato."

Msimamizi alipiga makofi nyuma yetu. "Mwalimu, sindano moja inachukua asubuhi yote?"

Nilikaza skrubu, nikasogea. Yeye akaweka mguu kwenye pedali, na alikuwa amekwisha kushona mkono wa shati la kwanza kabla sijafika mwisho wa laini.