Sakafu ya Fundi wa Redio

Fundi wa redio wa Lubao hakumruhusu mgeni aketi kabla hajazunguka chumba. Eti chini ya mbao za sakafu alikuwa amepanga vijiwe vya cheche alivyong'oa kwenye viberiti vya gesi, vile ambavyo vikibanwa hutoa umeme, na aliapa kwamba nyayo za watu zingewasha nyumba nzima. "Kanyaga na kisigino, shemeji," alimwambia Selpher, mke wa kaka yake, bila kumtazama usoni. Macho yake yalikuwa ya kutazama miguu tu. Selpher akakanyaga. Kitaa chekundu kidogo kama punje ya mtama kikamulika, kikazima, naye akabaki kupapasa meza akitafuta kikombe chake cha chai.

"Shemeji, mafuta ya taa hununuangi?"

"Ya nini, na miguu tunayo?"

Mama yake fundi alipofariki, jicho la fundi halikulowa. Waombolezaji walipofika na ngoma za isukuti, aliwaita ndani, akapiga magoti pembeni akikikodolea macho kile kitaa. Walivyoruka wakililia jina la marehemu, ndivyo kitaa kilivyozidi kuwaka, na fundi akatabasamu hadi jino la mwisho. Kisha joto likawashinda, wakatoka kwenda kucheza uani. Kitaa kikafa. Hapo ndipo fundi alipoangua kilio, na akina mama wakarudi mbio kumkumbatia.

"Mwacheni alie," wakasema. "Sasa ndiyo amejua mama ameenda."

Selpher, aliyekuwa ameketi mezani, hakuinuka; alikuwa akikitazama kile kitaa kilichokufa.