Mstari Mwekundu Ghalani

Mama wa mke wangu na mimi hatukuwa tumewahi kushikana mkono. Kwao Bungoma mkwe na mama mkwe hukaa mbali mbali, wala hawatazamani usoni: nikiingia sebuleni, yeye hutoka kwa mlango wa jikoni, na salamu zetu hupitia kwa binti yake. Mambo haya hunichosha, lakini nayafuata.

Alasiri moja tulitoka Kitale kumtembelea, tukakuta kifua kimembana tangu asubuhi. "Ati ni asidi ya tumbo tu," mke wangu akaniletea jibu. Asidi gani! Mimi ni mtu wa maabara, na kwenye begi nilikuwa na vipande vya kupimia damu. Ndani ya kila kipande kuna chembe ndogo mno, zilizotengenezwa zikamate protini moja tu, ya msuli wa moyo. Protini hiyo ikijaa kwenye damu, ujue moyo umeanza kufa. Chembe zilizoikamata hujipanga mstari, na ukizimulika kwa mwanga wa zambarau huwaka nyekundu.

Mashine ya kuusoma mstari huo tuliiacha Kitale. Mke wangu, ambaye ana duka la kutuma pesa, akatoa mkobani taa yake ndogo ya kukagulia noti bandia, yenye mwanga huohuo wa zambarau. Akamdunga mamake kidole nyuma ya pazia, akanipitishia kipande.

Nilihitaji giza. Ghala la mahindi halina dirisha, nikajifungia humo. Nilipowasha taa, magunia yakanitazama: punje zilizopata ukungu ziling'aa kijani hapa na pale, kama macho ya paka. Niliogopa, nasema kweli. Kisha mstari ukawaka, mwekundu, huku nje nikimsikia mama mkwe akimtania binti yake. Kitu cha ndani kabisa ya kifua chake kilikuwa mkononi mwangu, nami sijawahi kugusa hata kiganja chake.

Nikamwambia mke wangu ni lazima mamake afike hospitali. Gari lililokuwepo lilikuwa langu tu, na mama mkwe akakataa kulipanda. Mke wangu alilia, akabembeleza. Mwishowe mama akaketi nyuma, amejifunika leso uso mzima, nikaishika barabara ya hospitali.

"Mkwe," akasema chini ya leso. Hakuwa amewahi kuniita mwenyewe. "Uliona nini huko kwa stoo?"

Nilitaka kudanganya, nikashindwa. "Moyo wako, mama. Unaumia."

"Basi hakuna chenye nimebaki kukuficha," akasema, akaivua leso.

Nikamwona kwenye kioo. Ulikuwa uso wa mke wangu, umezeeka, midomo imegeuka kijivu. Nikakanyaga mafuta.